Vizibo Vinne vya Kiboko

Kuna gari nililivuta kutoka chini ya bwawa kwa siku tatu mfululizo, na lilipogusa nchi kavu nikatamani nilisukume lirudi lilikotoka.

Sitanii. Wenzangu walikuwa wanapongezana. Mimi nilikuwa nimelala chali chini ya lile gari, maji machafu yananidondokea kifuani, na nilichokiona kule chini kilinifanya nishindwe hata kutoka.

Nimekaa na hili jambo kwa muda mrefu. Leo naliandika. Mtakaotaka kunitukana nitukaneni tu, mimi mwenyewe nimeshaanza zamani.

Mimi ni fundi magari. Miaka ishirini na miwili nashika spana. Nina karakana ndogo nyuma ya stoo za saruji, na nina lori kuukuu lenye winchi mbele, la kuvuta magari yaliyonasa. Wengi wananiita Fundi tu, jina langu wameshalisahau.

Idara inayosimamia bwawa la mji wetu ilikuwa na gari moja la ajabu. Lina magurudumu sita. Linapanda mawe, linapita kwenye tope, halafu likifika kwenye maji haliulizi, linaingia tu na kuelea. Bodi lake limezibwa kote chini kama beseni, na magurudumu yale yale ndiyo yanayopiga maji kulisogeza mbele. Watu walilibatiza Kiboko.

Dereva wa Kiboko alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Miaka kumi na moja anaendesha peke yake. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wapima maji ng'ambo ya bwawa, kuwapelekea walinzi wa huko mahitaji yao, na kurudi.

Mimi ndiye niliyekuwa namtengeneza Kiboko. Kazi hiyo niliipata kwa sababu shemeji alinisemea kwa wakubwa, sitaficha.

Sasa nisikilizeni kuhusu vizibo, maana kesi yote ilikuwa hapo.

Chini ya tumbo la Kiboko kuna matundu manne. Gari likitoka majini unalala chini, unafungua vizibo vinne, maji yaliyorukia ndani yanatoka. Kabla ya kuingia tena majini unavifunga. Ukisahau, utarudi nyumbani kwa kuogelea.

Ili asisahau, shemeji alikuwa na utaratibu wake. Akivifungua anavitunga kwenye kamba, na ile kamba anaivika usukani. Huwezi kuondoa gari bila kuvishika. Yaani mpaka mtu avisahau, awe amelewa au akili zimemruka.

Na shemeji hanywi.

Basi siku moja, saa tano asubuhi, jua linawaka na upepo hakuna, Kiboko akazama katikati ya bwawa. Shemeji alikuwa peke yake. Alikuwa amevaa jaketi la kuokolea, akaogelea mpaka ukingoni.

Mimi nilipigiwa simu kwa sababu nina winchi. Nilifika kabla ya gari la wagonjwa. Nikamkuta amekaa kwenye jiwe anatetemeka, mguu mmoja hauna kiatu. Nilimkumbatia nikalia, tena mbele za watu. Njia nzima nilikuwa nimeshamhesabu kuwa amekufa, nawaza nitamwambia nini mdogo wangu.

Kesho yake akaitwa kuandika maelezo. Akaandika sentensi iliyommaliza.

"Sikumbuki kama nilifunga vizibo."

Niliposikia hivyo kichwa kikapata moto. Hukumbuki? Miaka kumi na moja, leo hukumbuki?

Nikamfuata nyumbani kwake, nyumba ya idara, vyumba viwili na sebule. Watoto walikuwa mezani wanafanya kazi za shule. Sikujali.

"Shemeji, wewe ni mzembe," nikamwambia. "Umeniaibisha. Mwezi haujaisha tangu niifungue ekseli ya nyuma ya lile gari na kuifunga upya kwa mikono yangu, wewe unakwenda kulizamisha kwa sababu ya kizibo."

Mtoto mkubwa aliacha kuandika. Mdogo wangu alisimama mlangoni na ndoo mkononi, hajui aiweke wapi.

Shemeji aliniangalia. Hakukasirika.

"Nimekusikia, shemeji," akasema. "Kaa basi unywe chai."

Sikukaa. Niliondoka najiona mwanamume kweli kweli.

Wiki mbili zikapita, ya tatu ikaingia. Idara ikapanga kikao cha nidhamu siku ya Ijumaa, ikaamua pia gari litolewe kabla ya kikao, ili wajue vizibo vilikuwaje. Vikiwa wazi, shemeji anafukuzwa kazi na familia inatoka kwenye nyumba ya idara. Vikiwa vimefungwa, kosa si lake, anarudi kazini. Hakukuwa na njia ya tatu.

Kazi ya kulivuta nikapewa mimi.

Jumanne asubuhi, kabla sijawasha lori, mdogo wangu akaja karakana. Alikuwa amekonda.

"Kaka, mimi sitaki kingine," akasema. "Lala chini uangalie vile vizibo. Ukivikuta vimefungwa nipigie simu hapo hapo, hata kama mikono ina tope."

"Na nikivikuta wazi?"

"Usinipigie. Nitaelewa."

Nikamwambia sawa.

Siku ya kwanza iliishia kwenye kutafuta. Shemeji alikuwa amesimamishwa kazi, lakini ilibidi aitwe, kwa sababu yeye ndiye aliyejua gari lilipozamia. Alikaa mbele kwenye boti ananyoosha mkono. "Kushoto kidogo. Hapa. Mnara uwe nyuma ya ile nyumba ya pampu." Mimi na yeye hatukusemeshana zaidi ya hapo. Mtu anakushikisha kamba, unashika, basi.

Mpiga mbizi wetu anaitwa Mapafu. Ni mzee wa miaka hamsini na ushee, na kila akitoka majini kitu cha kwanza anachoomba ni sigara.

"Wewe na jina lako," nikamwambia, "haya mapafu unayachoma mwenyewe."

"Nayakausha," akanijibu. "Yameloa."

Alizama mara tisa siku ile. Mara ya tisa akaibuka anatikisa kichwa. "Nimemshika. Amelala ameinamia nyuma. Tope limemmeza mpaka kwenye ekseli, chini ya tumbo huwezi kupitisha hata kiganja."

Kwa hiyo habari ya vizibo ikabaki kule kule chini.

Siku ya pili ilikuwa ya kufa na kupona. Tope la bwawani likishakumbatia kitu haliachii kwa kuvuta tu. Ukivuta kwa nguvu waya unakatika, na waya wa winchi ukikatika unaweza kumkata mtu vipande viwili. Tulichofanya ni kufunga mapipa matupu pande zote mbili za gari, huko huko chini, Mapafu akayafunga moja moja, halafu tukayajaza upepo kwa kompresa ili yalinyanyue taratibu.

Kufunga mapipa manane kulichukua kutwa nzima. Mimi nilikuwa kwenye maji mpaka kiunoni napokea mipira ya upepo. Saa kumi jioni mgongo ulikuwa umekataa kunyooka. Nilikaa kwenye bampa la lori nikashindwa kuvua viatu. Shemeji akaja akachuchumaa, akanivua, akayamwaga maji yaliyokuwemo, akaviweka pembeni vikauke. Na mimi sikumwambia asante, nilikuwa bado nimemnunia.

Siku ya tatu, Alhamisi, saa tatu asubuhi, mapipa yakaanza kuibuka. Kwanza mapovu, halafu tope jekundu, halafu pipa moja, la pili, na katikati yake kipande cha chuma cha Kiboko kikachungulia. Vijana wa idara wakapiga makofi. Tukamkokota kwa boti mpaka kwenye maji mafupi, nikafunga waya.

Hapo ndipo winchi inapodai heshima yake. Gari lililojaa maji lina uzito wa magari matatu. Unavuta hatua moja, unasimama, unaweka magogo nyuma ya matairi ya lori, unasikiliza waya. Ukianza kulia unaupumzisha. Tulivuta hivyo kuanzia saa nne mpaka saa tisa kasoro. Sikula. Mikono ilikuwa imevimba mpaka nashindwa kufunga ngumi.

Hatimaye Kiboko akasimama kwenye nchi kavu na magurudumu yake sita, amejaa maji mpaka kwenye viti. Tumbo lilikuwa limegandwa na tope zito, hata matundu yangekuwa wazi yasingetoa maji.

Mkuu wa idara, mama mmoja mkali ambaye wote tunamwita Madam, alikuwa amekaa ndani ya gari lake kama hatua arobaini hivi, anaongea na simu. Akatoa mkono dirishani.

"Fundi, toa maji tuondoke hapa."

Nikachukua spana, nikalala chali, nikajisukuma chini ya tumbo.

Kizibo cha kwanza kimefungwa.

Nikafuta tope kwa kiganja. Cha pili kimefungwa. Cha tatu, cha nne, vyote vimekaza. Nikavigonga kwa spana, havikutikisika.

Ndugu zangu, nilifurahi. Nisiwafiche, machozi yalinilenga. Nikaanza kupapasa mfuko wa ovaroli nitafute simu nimpigie mdogo wangu. Kidole kilikuwa kimeshagusa simu.

Halafu nikajiuliza swali moja tu. Kama vizibo vimefungwa, maji yaliingilia wapi?

Nikageuza shingo nikaangalia nyuma. Kwenye ekseli ya nyuma, pale inapotoka kwenye bodi kwenda kwenye gurudumu, maji yalikuwa yanachuruzika. Kulia yanachuruzika na kushoto yanachuruzika. Mahali pengine pote palikuwa na matone tu.

Ile ekseli nilikuwa nimeifunga mimi.

Nawaeleza kwa lugha nyepesi. Pale ekseli inapopita kuna mpira wa mviringo, mafundi tunauita sili. Una mdomo upande mmoja. Kwenye magari yote niliyotengeneza tangu nianze kazi, mdomo wa sili unaangalia ndani, kwa sababu kazi yake ni kuzuia oili isitoke. Mikono yangu imeshafunga maelfu ya sili, haihitaji macho. Unapaka grisi, unaweka, unagonga kidogo, tayari.

Lakini kwa Kiboko kuna sili mbili kila upande. Ya ndani inazuia oili. Ya nje inazuia maji, na hiyo mdomo wake unatakiwa uangalie nje. Mwaka wa kwanza niliifunga vizuri, nikiwa naogopa hilo gari, nasoma kitabu chake ukurasa kwa ukurasa. Safari hii sikufungua kitabu. Gari nililijua. Nilifunga zote zikiangalia ndani huku napiga stori na mteja mwingine.

Sili ikigeuzwa haifi siku hiyo hiyo. Inavuja kidogo kidogo, pampu ya kutoa maji iliyo ndani ya gari inavumilia, kila safari mchanga unaupanua ule mdomo, mpaka siku pampu inapozidiwa. Wiki chache zinatosha.

Nikalala pale chini.

"Fundi, vipi?" Madam akaita.

Sikuwa nimeulizwa kuhusu vizibo. Nilikuwa nimeambiwa nitoe maji. Na maji ya Kiboko yanatolewa kwa kufungua vizibo, na vizibo vikishafunguliwa hakuna mtu duniani atakayejua kuwa vilikuwa vimefungwa.

Nikaweka spana kwenye kizibo cha kwanza nikazungusha.

Maji yalitoka kwa kishindo, yakanilowesha uso. Nikafungua cha pili. Cha tatu. Nilipofika cha nne nilisimama kidogo, nikasema moyoni, fundi, acha hiki kimoja, toka nje useme. Halafu nikaufikiria mgongo wangu, karakana yangu, na miaka ishirini na miwili ya watu kusema mpeleke kwa Fundi, yule hakosei. Nikakifungua.

Nilipojikokota kutoka, Madam alikuwa ameshafika. Shemeji alikuwa hatua tano kutoka kwetu, anakunja kamba.

"Vizibo viko wapi?"

Nikavitoa mfukoni.

"Ulivikuta wapi?"

"Kwenye sakafu, chini ya kiti cha dereva."

Niliyasema hayo huku nafuta spana.

Madam akavipokea kwa leso, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi. Tumemaliza." Akaondoka.

Nikamtazama shemeji kwa jicho la pembeni. Alikuwa ameacha kukunja kamba. Halafu akainama akaendelea kuikunja, taratibu, mizunguko yote sawa, akaiweka kwenye lori langu. Nikajiambia, si umeona? Hata yeye anaamini alisahau. Hakumbuki, aliandika mwenyewe. Basi hakuna aliyeonewa sana.

Mtu ukichoka unaweza kuamini chochote.

Nilimvuta Kiboko mpaka karakana. Nikafunga mlango, nikafungua upande wa kulia wa ekseli, nikatoa sili. Ndivyo ilivyokuwa. Mdomo unaangalia ndani, mchanga umejaa. Upande wa kushoto sikuugusa, sikuwa na nguvu. Nilikaa kwenye tairi nikaishika ile sili kama mtu anayesubiri imwambie kitu.

Sikumpigia mdogo wangu. Alisema ataelewa.

Lakini hakuelewa, alikuja. Saa kumi na moja jioni akasimama mlangoni, bado amevaa kanga ya jikoni.

"Kaka, labda simu yako imeisha chaji," akasema. "Nimesema nije nihakikishe."

"Haijaisha chaji."

Alishika fremu ya mlango. Nilingoja alie, nilijiandaa kabisa kwa kilio. Hakulia.

"Haya," akasema. "Ngoja nikaombe maboksi dukani kabla hawajafunga." Alipogeuka akaongeza, "Na wewe pumzika, kaka. Umepauka."

Mimi ndiye niliyekuwa nahurumiwa.

Usiku ule sikusinzia. Kulipokucha Ijumaa nilijikuta niko kwenye lori, sikumbuki hata kama nilinawa, naelekea kwa shemeji. Kikao kilikuwa saa nne. Nilimkuta nje anafungua vitanda vya watoto, ameweka nati kwenye kopo.

"Shemeji," nikasema, "vizibo vilikuwa vimefungwa."

Hakuinua kichwa. "Najua. Nilivifunga mwenyewe."

"Lakini uliandika hukumbuki."

Akaweka spana chini, akakaa kwenye ubao wa kitanda. Ndipo nikaona jinsi na yeye alivyochoka, macho mekundu, ndevu za siku nne.

"Kule katikati ya maji, pampu ilipozidiwa, nilinyanyua sakafu niangalie," akasema. "Nikaona yanakoingilia. Pande mbili, kwenye ekseli. Nikajua ni sili, na nikajua ni kazi ya nani."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema. Nilipofika ukingoni wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kunifikia. Ukanishika ukalia kama mtoto mdogo. Nikasema huyu mtu nikimwambia sasa hivi kwamba yeye ndiye aliyetaka kuniua, hatashika spana tena maisha yake yote."

Nikakaa chini mbele yake.

"Nikaandika vile ili nivute muda. Nilijua gari lazima litolewe, na mwenye winchi ni wewe. Utalala chini wewe mwenyewe, utaona kwa macho yako, utatoka useme. Kosa la kazi mtu akilisema mwenyewe linasameheka, lakini akisemewa na mwingine ndiyo anaharibikiwa. Nikakuachia uliseme mwenyewe."

"Wiki tatu nimekutukana."

"Hayo nilivumilia. Ulikuwa hujui." Akaokota nati moja iliyoanguka, akaitia kwenye kopo. "Jana ulikuwa unajua. Nilikuwa nimesimama pale, shemeji. Nilikusikia."

Nimepigwa na magari, nimeangukiwa na injini mguuni. Hakuna kilichowahi kuniuma namna ile.

"Na hukunikanusha mbele ya Madam," nikasema.

"Ningesema nini? Dada yako wa damu ndiye mke wangu. Nirudi nyumbani nimwambie kaka yako ametuuza?"

Saa nne nilikuwa ndani ya kile chumba cha kikao. Sikuwa nimealikwa. Nilisimama mbele ya meza na ovaroli langu chafu, nikaweka sili mezani juu ya karatasi zao, nikaeleza yote tangu mwanzo. Nikawaambia upande wa kushoto sijaugusa, watume mtu wao akafungue. Wakatuma. Saa saba akarudi na sili ya pili, imegeuzwa vile vile.

"Kwa hiyo jana ulinidanganya," Madam akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Na nilikuwa nimechoka."

"Wote tulikuwa tumechoka," akasema. Akamgeukia karani. "Andika."

Shemeji alirudishwa kazini siku ile ile. Mimi idara ilinipiga marufuku kugusa gari lao lolote, na habari zikasambaa mjini haraka. Wateja wengi walihama. Sikulalamika. Mtu aliyekosea sili unaweza kumpa gari lako tena, lakini mtu aliyefungua vizibo kuficha utamuaminije?

Wiki mbili baadaye mdogo wangu akaja karakana. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu, si na mumewe, na watu. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba magotini, akaniangalia nikifunga breki za baiskeli, maana ndiyo kazi zilizobaki.

"Ile jioni nilipokuja," akasema, "nikakwambia naenda kuomba maboksi. Ulikuwa unafikiri nini?"

Niliweka spana chini.

"Nilikuwa nafikiri uondoke haraka," nikamwambia.

Alitikisa kichwa. Aliinuka, akanisogelea, akaniondolea uchafu begani, kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo. Halafu akaenda zake. Ni mwezi wa tano sasa hajarudi.

Shemeji tunaonana. Ananisalimia vizuri, ananiuliza mgongo unaendeleaje. Chai hanikaribishi.

Mtauliza somo ni nini. Wengi watasema somo ni kufungua kitabu kabla ya kufunga sili, na ni kweli, fungueni kitabu. Lakini langu ni hili: usijidanganye kwamba ukweli utausema kesho ukishapumzika. Mimi ukweli niliusema Ijumaa saa nne, watu wazima wakanisikiliza, karani akauandika, kazi ya shemeji ikarudi. Kila kitu kilirudi mahali pake isipokuwa mimi, kwa sababu mdogo wangu alikuja kuuchukua Alhamisi saa kumi na moja jioni, nikamruhusu arudi mikono mitupu kwenda kuomba maboksi.